Jivu la Makaa ya Mawe na Mafao ya Wote

Wahenga walisema moto huzaa jivu. Jivu la jikoni tunalimwaga shambani, yakaisha. Lakini mtambo wa umeme unaochoma makaa ya mawe huacha milima ya jivu lenye aseniki, risasi na zebaki. Katika somo hili tunajiuliza: ni nani abebe mzigo huo?

Tuanze na tukio. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2008, huko Kingston, Tennessee, nchini Marekani, ukingo wa bwawa la jivu la shirika la umma TVA ulibomoka. Tope la zaidi ya lita bilioni 4 liliingia mto Emory na kuharibu nyumba. Hakuna aliyefariki usiku ule. Baadaye mamilioni ya tani za jivu yalisafirishwa kwa treni hadi dampo la kaunti ya Perry, Alabama, ambako wakazi wengi ni weusi na maskini. Umeme ulitumika kwingine. Jivu likawa lao.

Ndipo siasa ikaingia. Mwaka 2010 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, EPA, ilipendekeza njia mbili: jivu liitwe taka hatarishi, au lisiitwe hivyo. Kampuni za umeme zililalamikia gharama. Kanuni ya mwaka 2015 ikafuata njia ya pili, na mabwawa ya mitambo iliyokwisha kufungwa yakaachwa nje. Mwaka 2018 mahakama ilikataa msamaha huo. Kanuni ya kuyajumuisha ilitoka mwaka 2024, miaka 16 baada ya Kingston.

Tuwe waaminifu: hoja ya gharama si ya kubeza, maana umeme ukipanda bei maskini naye huumia. Lakini gharama isiyolipwa mtamboni haipotei. Huhamia kisimani na kifuani mwa jirani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba sheria hutokana na akili na hulenga mafao ya wote. Basi sheria inayochagua jina kwa kutazama mfuko, wakati sumu ni ile ile, imepungukiwa katika yote mawili. Kaini aliulizwa ndugu yake yuko wapi (Mwa 4:9). Nasi tunaulizwa.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:
1. Taka za parokia au seminari yetu huishia kwa nani?
2. Je, huyo jirani aliwahi kuulizwa?