Kumwajiri Mtu wa Kuuguza Nyumbani: Nguvu na Amana

Katika Sura ya Al-Qasas imo khabari ya Nabii Musa, alayhi salaam, alipofika Madyan hali ya kukimbia, akawanyweshea wanyama wao mabinti wawili, kisha akaitwa nyumbani kwa baba yao aliyekuwa mkongwe. Binti mmoja akamshauri babake amwajiri mgeni yule, na sifa alizozitaja ni mbili tu: nguvu na uaminifu. Aya hiyo, nayo ni ya 26, wanazuoni wameifanya kipimo cha kila anayekabidhiwa kazi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, ameeleza kwamba nguvu hutofautiana kwa kadiri ya kazi yenyewe: nguvu za vitani si nguvu za kadhi. Basi na tuulize, enyi ndugu zangu, nguvu za mwenye kuuguza ni zipi?

Swali hili limekuwa zito katika miji yetu. Zamani nyumba ilikuwa na watu. Mzee akiugua, wake wa wanawe, binti zake na wajukuu walipokezana. Leo mwana mmoja yuko Maskati, wa pili Nairobi, wa tatu London. Na binti aliyebaki huenda kazini asubuhi. Basi huajiriwa mtu. Na huajiriwa vipi? Hutafutwa msichana kwa kuulizia majirani, akaletwa na mfuko wake, akaambiwa, "Mtazame bibi." Neno hilo ndilo mafunzo yake yote. Mtu huyohuyo anayemwajiri, akinunua punda humfungua kinywa amtazame meno, na akipakia jahazi huuliza mbao zake zilikalafatiwa lini.

Ijulikane kwanza kwamba mwenye kuajiri hakuondokewa na wajibu. Amepata mikono ya kumsaidia, lakini amana ingali shingoni mwake, kwani aya ya 23 ya Sura ya Al-Israa, inayokataza mzazi mkongwe asiambiwe hata neno la kuchoka naye, imesemezwa mwana wala haikusemezwa mtumishi. Na Hadithi imepokewa kwamba ajitiaye utabibu hali hajulikani kwa utabibu hudhamini madhara ayatendayo. Ikiwa msichana yule hakujitia mwenyewe katika kazi asiyoijua, bali wewe ndiwe uliyemtia, naona dhamana yako si ndogo.

Tuanze na nguvu. Jambo linaloharibu wagonjwa wengi majumbani wala halisikiki ni kidonda cha kitandani. Mtu asiyeweza kujigeuza, uzito wake wote hukaa juu ya mifupa michache: visigino, nyonga, mfupa wa juu ya kitako, mabega na kisogo. Nyama iliyobanwa baina ya mfupa na godoro haipitiwi vyema na damu, na nyama isiyopata damu hufa. Saa chache zatosha kuanza madhara. Kidonda kikishachimba huweza kufika mfupani, kikatia sumu katika damu, na watu wakasema mzee amekufa kwa uzee. Kipimo walichokizoea wauguzi ni kumgeuza kila saa mbili, usiku na mchana, na wengine huhitaji zaidi ya hivyo. Humwinua wala hawamburuti, kwa sababu kuburuta huchuna ngozi. Huweka mto baina ya magoti, na visigino huviinua visiguse godoro. Shuka iwe kavu, imenyooka, haina chembe za mkate. Akijikojolea abadilishwe papo hapo.

Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na watu hungoja mpaka pachubuke. Tafuta mahali palipozidi weusi, au penye joto, ugumu au ulegevu ulio mbali na ngozi ya jirani yake, pasiporudi hali yake hata uzito ukiondolewa. Hapo pasikandwe. Nalisema hili kwa sababu desturi yetu, tukiona mahali pamebadilika, ni kupasugua kwa mafuta ya nazi tukidhani twaita damu. Kumbe twazidi kuivunja nyama iliyokwisha dhoofika.

Kulisha nako kuna elimu yake. Mgonjwa asilishwe amelala chali, illa aketishwe wima, apewe kidogo kidogo, angojewe ameze, na baada ya chakula asilazwe mpaka ipite kama nusu saa. Aliyepooza upande mmoja huweza kupaliwa bila ya kukohoa, uji ukaingia mapafuni, na homa ya mapafu ikafuata. Dawa ziandikwe katika karatasi: jina, kiasi, saa, na alama kila inapotolewa. Sisi tumeamrishwa katika Sura ya Al-Baqara kuandika deni la fedha. Kidonge cha presha au sindano ya sukari si haba kuliko deni. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake. Tabibu Semmelweis alipowalazimisha matabibu wenziwe wa Vienna kuosha mikono kwa maji ya klorini, mwaka 1847, vifo vya wazazi katika wodi yake vilipungua sana, na wenziwe wengi wakamkataa juu ya hayo. Ama kuanguka, nyumba zetu za mawe, zenye vizingiti virefu, ngazi za wima na sakafu ya bafuni iliyolowa, ni mtego kwa mzee. Taa ya usiku, mkeka ulioondolewa njiani na mti wa kushika ukutani kando ya choo havigharimu bei ya kuunga nyonga iliyovunjika.

Hizo ndizo nguvu. Uaminifu ni mlango mwingine, na watu wengi wakiutaja huishia kwenye pete na fedha kutoibiwa. Mgonjwa ana mali iliyo azizi kuliko pete, nayo ni sitara yake. Sura ya An-Nur, aya ya 58, imewaamrisha hata watumishi wa ndani na watoto wadogo waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya Isha. Basi vipi mzee avuliwe mlango uko wazi, na wajukuu wakipita? Mwanamume auguzwe na mwanamume na mwanamke na mwanamke kila iwezekanapo. Afunikwe, ifunuliwe sehemu inayooshwa tu. Na aambiwe kabla ya kuguswa, hata kama hawezi kujibu. Katika khiyana zilizo mbaya ni kumfunga mzee kitandani kwa kanga ili asisumbue, na kumpa dawa ya usingizi ili muuguzaji apate kulala. Haya hutendeka. Mwenye kuyatenda atolewe siku ileile. Na mwenye nyumba ajiulize siku ngapi alipita bila ya kufunua shuka.

Wala si kweli kwamba kuyapima mambo haya ni desturi ya kigeni. Vita vya Khandaq, mwaka 627, Saad bin Muadh alipojeruhiwa alipelekwa katika hema la Rufaida, mwanamke aliyejulikana kwa kutibu majeruhi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimpitia kumtazama hali yake. Alikabidhiwa ajuaye, na juu ya hayo akakaguliwa.

Wenzetu wa Uingereza walilitengeneza jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1859, mjini Liverpool, mfanyabiashara William Rathbone aliyefiwa na mkewe alimwajiri muuguzi yuleyule aliyemuuguza mke nyumbani, aende akawauguze maskini majumbani mwao. Haja ikawa kubwa kuliko wauguzi waliosomea, hata ikaanzishwa shule ya kuwafundisha mwaka 1862. Leo, katika England, wanaopeleka watu kuuguza majumbani hukaguliwa na chombo kiitwacho Care Quality Commission, kilichoanza kazi mwaka 2009, na swali lake la kwanza ni kama huduma ile ni salama. Mwaka 2015 kukatolewa mwongozo kwamba ziara ya kumhudumia mtu nyumbani isipungue nusu saa, ila kwa kazi ndogo maalumu na kwa muuguzaji anayejulikana na mgonjwa. Maana wako waliokuwa wakiingia na kutoka kwa robo saa. Kwetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na ya kupata matunzo kwa jamaa zake na kwa serikali. Lakini mkaguzi wa serikali hataingia chumbani mwa mamako leo usiku.

Muuguzaji naye ana haki, na usalama wa mgonjwa umefungamana nayo. Katika ijara sharti kazi ijulikane na ujira ujulikane. Ukimwajiri kuuguza kisha ukamtia kufua, kupika na kulea watoto, ndizo saa za kugeuza mgonjwa ulizozila. Asiyelala usiku kucha hawezi kuhesabu vidonge asubuhi. Awe na mwenziwe wa kumpokea, hata akiwa ni wewe. Mgonjwa mzito ainuliwe na watu wawili, la sivyo utakuwa na wagonjwa wawili. Na kabla ya kumwachia kazi, mwombe muuguzi wa zahanati iliyo karibu aje amwonyeshe kwa mikono, nawe usimame hapo ujifunze, kwani huwezi kukagua usilolijua.

Ama uliye mbali, desturi yako ni kupiga simu Ijumaa na kuuliza, "Mama hajambo?" Nawe hujibiwa, "Hajambo, alhamdulillah," kwa kuwa hilo ndilo jibu la swali lile. Uliza badala yake: Amegeuzwa mara ngapi tangu jana? Visigino vikoje, na juu ya kitako? Amekula nini, naye ameketi? Nisomee karatasi ya dawa. Kisha mwambie akuwekee simu sikioni mwa mama, uongee naye mwenyewe, muuguzaji akiwa nje ya chumba.