Maji meusi: tatizo la istilahi ndani ya tangi la samaki

Magharibi mwa nchi yetu kuna Ziwa Mai-Ndombe, lililobeba jina la Leopold II hadi 1972. Kwa Kilingala, mai ni maji, na ndombe ni weusi. Msemaji wa Kibombo, aliyezoea kusikia mayi, nusu ya kwanza haimpi shida. Shida iko katika rangi.

Yachote kwa gilasi: yanafanana na chai isiyo na maziwa. Weusi huonekana kwenye kina tu, kwa kuwa tanini ya majani yaliyooza imemeza mwanga. Je, tuseme maji ya kahawia? Msomaji atafikiria tope la mafuriko. Tukisema maji meusi bila maelezo, atafikiria mtaro wa choo, kisha atayasafisha kwa mkaa kwenye chujio, nao hunyonya tanini yote tuliyoitaka. Kwa hiyo napendelea maji meusi ya majani: istilahi ndefu kidogo, lakini inataja chanzo.

Tangi lenyewe liwe na urefu wa sentimita 120 hivi, mchanga laini, vipande vya mti mkavu na mwanga hafifu. Maji yawe na chumvichumvi kidogo. Ya mvua, yaliyokingwa mahali safi, hufaa kuchanganywa na ya bomba. Majani ya mkungu au mpera yaokotwe yakiwa yamekauka yenyewe, yachemshwe kidogo, yatiwe machache machache. Usiingize samaki siku hiyo hiyo. Bakteria wanaoondoa amonia huchukua wiki kadhaa kuzaana, na katika maji yenye asidi huchelewa zaidi.

Phenacogrammus interruptus, mwenye mapezi marefu, huishi kwa kundi. Sita ni wachache. Pantodon hukaa juu, hula wadudu na huruka, kwa hiyo pasipo kifuniko utamwokota sakafuni. Usimweke na vidagaa: atavimeza.

Ninayempenda zaidi ni Synodontis nigriventris. Jina hilo la Kilatini lina maana ya tumbo jeusi, na safari hii rangi imetajwa kwa haki: kambare huyu huogelea chali, hivyo tumbo ndilo linalotazama juu, nalo limekoza kuliko mgongo. Kiswahili kingeweza kumwita kambare-chali. Kwa wavuvi wa Lualaba huenda jina lipo tayari kwa ndugu zake wa huko, na la kwao ndilo litangulie kwenye orodha yetu.