Nilivyokwama kwenye Mlima wa Mungu



Somo letu leo ni fadhila ya matumaini, ila naomba nianzie mlimani. Ol Doinyo Lengai uko kaskazini mwa nchi yetu, jirani na Ziwa Natron, na una urefu wa mita 2,962. Jina hilo kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu. Ni volkano hai, ya pekee duniani inayotoa uji mweusi wenye magadi, ambao ukishapata unyevu hugeuka mweupe. Nchi ya pale ni kame, na mlimani hakuna kivuli wala chemchemi. Ndiyo maana watu huanza kupanda usiku wa manane, ili wawe wameanza kushuka kabla jua halijawa kali.

Nilikwenda na frateri mwenzangu tulipomaliza falsafa. Begini nilikuwa na chupa mbili ndogo za maji. Mtacheka, lakini sisi tuliokulia Bukoba hatujui kuhesabu maji: mvua karibu mwaka mzima, ziwa lile pale, hata mgomba ukiukata unatoa maji. Kiongozi wetu, kijana wa Kimaasai, akaziangalia. "Frateri, ni hizi tu?" Nikamwambia mimi vilima vya Muleba nimevipanda tangu mtoto. Akanyamaza.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2091 na 2092) inataja dhambi mbili dhidi ya matumaini: kukata tamaa, na kujitumainia kupita kiasi. Hii ya pili ina sura mbili. Kuna anayedhani ataweza kwa nguvu zake bila Mungu, na kuna anayeichukulia huruma ya Mungu kama mali yake, yule wa "nitaungama tu Pasaka ikifika". Zamani nilidhani dhambi hizi zinakaa mbalimbali, yaani mwenye moja hawezi kuwa na nyingine. Kumbe ni za nyumba moja. Mimi nilizifanya zote usiku mmoja.

Saa tisa usiku tulikuwa kwenye majivu, mteremko mkali kweli. Unapanda hatua mbili, unateleza moja. Saa kumi maji yangu yakaisha. Misuli ya miguu ikakaza, nikakaa chini, nikawaambia waniache hapo hapo. Yule bingwa wa vilima vya Muleba!

Nabii Eliya naye alikaa chini, jangwani, akaomba afe (1 Wafalme 19). Angalieni Mungu alivyomtendea. Hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa ale tena. Horebu ilikuja baadaye, siku arobaini baadaye. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi nikikimbilia ile sauti ndogo ya mlimani, na ule mtungi wa maji nikauruka.

Kwangu mtungi ulikuwa chupa ya kiongozi. Alinipa maji yake bila neno. Mwenzangu akanikanda miguu, akatazama juu, akasema, "Tunashuka wote." Alikuwa ameisubiri safari hiyo miaka mitatu. Kiongozi alikuwa mmoja tu, kwa hiyo mimi nikishuka, naye anashuka.

Macheo yalitukuta ubavuni mwa mlima, Ziwa Natron liking'aa chini. Tukapiga picha. Ndiyo ile mliyoiona.

Mliandika "Hongera frateri, umefika!" Nami nikajibu, "Mungu ni mwema." Ni kweli, Mungu ni mwema, lakini sikuulizwa hilo. Nilitumia jina lake kujifunika. Niliporudi nyumbani vijana wa parokiani wakaniomba niwasimulie, nikasimulia mlima wote, nikapita haraka haraka pale penye kilele. Mwenzangu alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Hakusema kitu, wala baadaye hakuniuliza.

Kwa padre nimekwisha kuungama. Kwenu nilikuwa bado. Sikufika kileleni. Na mwenzangu, ambaye miguu yake haikuwa na tatizo lolote, hakufika kwa sababu yangu.