Misuko Inayobana na Kunyonyoka kwa Nywele za Panja

Wahenga walisema, ukitaka uzuri sharti udhurike. Katika ususi, methali hii imewavumilisha wanawake na watoto wengi maumivu yasiyo ya lazima. Kichwa kinachouma baada ya kusukwa ni dalili ya awali kwamba ngozi inaumizwa.

Jinsi madhara yanavyotokea

Kila unywele umejikita katika kifuko kidogo ndani ya ngozi. Unapovutwa siku baada ya siku, kifuko hicho huvimba, nao unywele hulegea na kung'oka. Mvuto ukikoma mapema, nywele huota tena baada ya miezi kadhaa. Ukiendelea kwa miaka, kifuko hufa na kuacha kovu lisiloweza kuotesha nywele.

Hali hii ilielezwa na matabibu mwaka 1907 miongoni mwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao kwa kuzikaza. Chanzo chake, basi, ni mvuto, wala si asili ya mtu. Huko Cape Town, Afrika Kusini, uchunguzi ulionesha kuwa takriban mwanamke mmoja kati ya watatu alikuwa nayo. Dalili zake zilionekana hata kwa wasichana wa shule.

Mitindo na mvuto wake

Twende kilioni iliyosukwa kwa kulegezwa huvuta kidogo. Ile inayokazwa tangu ukingo wa paji huvuta sana. Rasta ndefu za nywele bandia huongeza uzito, na zikiwa nyembamba uzito huo hubebwa na nywele chache. Kushonea nywele bandia juu ya misuko iliyokazwa, au kuzifunga rasta zote utosini, huzidisha mvuto. Hatari huwa kubwa zaidi kwa nywele zilizolainishwa kwa dawa, kwa kuwa zimekwisha dhoofika.

Kwa mhudumu wa afya

Chunguza panja, ukingo wa paji na nyuma ya masikio. Mara nyingi huonekana mstari wa vinywele vyembamba vilivyosalia pembezoni, na nyuma yake sehemu iliyopungukiwa nywele. Vipele na usaha kwenye mashina ya nywele huonesha kuwa mvuto ungalipo. Tofautisha na mapunye, ambayo huleta magamba na nywele zilizokatika, hasa kwa watoto. Upara unaoanzia utosini, au duara laini linalotokea ghafla, una sababu nyingine na unahitaji rufaa kwa daktari wa ngozi. Uliza kuhusu mitindo ya nywele bila kumlaumu mgonjwa.

Kwa msukwaji na mzazi

Mwambie msusi alegeze pale unapohisi maumivu, usisubiri yazoeleke. Ngozi ikituna au vipele vikitokea, fumua siku hiyo hiyo, hata kama msuko ni mpya na umelipiwa. Chagua misuko minene na mifupi, acha nywele laini za ukingoni zisisukwe, na upumzishe kichwa kati ya msuko mmoja na mwingine. Epuka kusuka mara tu baada ya kutia dawa ya kulainisha nywele. Mtoto anayelia akisukwa asikaripiwe atulie: kilio chake ni taarifa, na mkono wa msusi hauna budi kulegea.