KIKUNDI CHA ROBOTI

Lusenda iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi, kwenye njia ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Mwaka 2015 kambi ilifunguliwa pale kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi. Watoto wa kijiji na watoto wa kambi, wote wanajua kutengeneza motokari kwa nyaya na mikebe. Huzisukuma kwa mti, wakikimbia nyuma yake. Lakini motokari ile haiendi yenyewe.

Roboti ni mashini inayoshika amri. Batri inaipa nguvu. Mota zinazungusha magurudumu yake na kuinua mikono yake. Ndani yake mna kompyuta ndogo, ndiyo kichwa chake. Mtu huandika amri kwanza, na mashini hufuata. Ikiandikiwa amri mbaya, hufanya kazi mbaya. Roboti haina akili ya kumsamehe mtu mvivu.

Mwaka 2013, katika mji wa Kinshasa, roboti kubwa za aluminiamu ziliwekwa katika njia panda kuongoza motokari. Zilitengenezwa na mafundi Wakongo, na kiongozi wao alikuwa mwanamke, Bibi Thérèse Kirongozi. Nguvu yao ilitoka kwa jua.

Mwaka 2017 mashindano ya roboti ya vijana wa dunia, yaitwayo FIRST Global, yalifanywa mara ya kwanza katika mji wa Washington, Marekani. Nchi zaidi ya 150 zilifika. Kila kikundi kilikuwa kimeletewa sanduku lenye vyombo vilevile. Roboti zilikusanya mipira: ya buluu ilikuwa mfano wa maji safi, ya rangi ya chungwa mfano wa uchafu. Nchi tatu ziliungana kushindana na nchi tatu, kisha zikabadilishwa. Hivyo mshindani wa asubuhi aliweza kuwa mwenzi wa jioni.

Kikundi kimoja kilikuwa cha wakimbizi wa Syria. Kingine kilikuwa cha wasichana wa Afghanistan. Sanduku lao lilikawia, wakabaki na siku chache za kazi. Waliomba ruhusa ya kuingia Marekani, wakakataliwa mara mbili. Hawakuacha kazi. Mwishoni ruhusa ilitolewa, wakafika, wakapewa medali ya fedha kwa ajili ya ushujaa wao.

Basi kikundi kinachoanza mwaka wa kwanza kifanye nini?

Kwanza, kisome sheria. Roboti inayozidi kipimo hukataliwa, hata ikiwa na nguvu nyingi.

Pili, kichague kazi moja nyepesi, na roboti iifanye vizuri. Wanaoanza hutaka roboti yao iokote, ipande na kurusha. Mara nyingi haifanyi hata moja.

Tatu, kigawe kazi. Wavuvi wa ndagala huenda ziwani usiku wenye giza. Mmoja anaangalia taa, mwingine anashika kasia, mwingine anachota kwa lusenga. Kama wote wangegombania lusenga, mtumbwi ungechukuliwa na upepo. Ni vivyo hivyo kwa roboti: mmoja afunge vyuma, mmoja aandike amri, mmoja aendeshe, mmoja atunze batri na daftari.

Nne, kimalize mapema. Kikundi kinachokaza msumari wa mwisho usiku wa kuamkia mashindano, asubuhi huona gurudumu limeanguka. Siku nyingi ziwe za kujaribu na kuendesha. Haraka haraka haina baraka.

Tano, roboti ikikosa, kisibadilishe vitu vitatu kwa mara moja. Kibadilishe kimoja, kijaribu, kiandike. Kwanza kitazame batri na nyaya, maana nyaya iliyolegea inaweza kusimamisha mashini nzima.

Sita, wenzi wakikosa chombo, wapewe. Kesho watakuwa upande mmoja.

Mtoto wa Lusenda asiseme, «Sina sanduku, siwezi kuanza.» Motokari ya kuchezea iliyokufa, ile ya batri, ina mota ndogo ndani. Mota ile ifungwe kwa batri ya tochi, itazunguka. Nyaya mbili zigeuzwe, itazunguka kwa upande mwingine. Hapo mtoto amekwisha kujua jinsi roboti inavyokwenda mbele na kurudi nyuma. Sasa na aifunge kwenye motokari yake ya mikebe, na kuuweka mti chini.

Maulizo

1. Roboti ni nini? Kichwa chake ni nini?
2. Kwa nini wasichana wa Afghanistan walipewa medali?
3. Kazi za wavuvi wa ndagala ni zipi? Zinafanana namna gani na kazi za kikundi cha roboti?
4. Kwa nini ni vizuri kubadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja?
5. Nyaya za mota zikigeuzwa, kunatokea nini? Jaribuni, kisha mwandike mliyoyaona.