Kuacha Nyama Bila Kuiharamisha

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Huu ni mwaka wangu wa pili bila kula nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Siku hizi mtu wa namna hii huitwa vegani. Nilianza baada ya kusoma darasani hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) iliyo katika Sahih Muslim, inayoamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apunguziwe taabu. Kisha natoka nje ya geti la chuo, naona kuku waliofungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki, safari ya saa nzima juani. Hamu ikaniisha.

Tangu hapo naulizwa swali moja kila wiki: je, huharamishi alichohalalisha Allah? Swali hilo ni zito kuliko wanavyodhani wanaoliuliza kwa utani, na ndilo somo letu.

1. Hukumu yake

Surat al-Maida, aya ya 87, inawakataza waumini kujiharamishia vitu vizuri walivyohalalishiwa. Surat an-Nahl inawataja wanyama wa kufuga, maziwa na asali kuwa ni neema na alama za Muumba. Tena Muslim amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kisa cha watu waliotaka kuzidisha ibada kuliko ya Mtume (s.a.w.). Mmoja alisema hataoa, mwingine kwamba hatalala kitandani, na mwingine kwamba hatakula nyama. Mtume (s.a.w.) aliwakemea na kuwaambia kuwa anayeipa mgongo sunna yake si pamoja naye.

Upande wa pili kuna kisa cha mjusi wa jangwani aitwaye dhabb, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Aliletwa akiwa amechomwa, Mtume (s.a.w.) akauondoa mkono wake. Khalid bin al-Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa sivyo, ila hapatikani katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akamvuta akamla, Mtume akitazama. Imepokewa pia kwamba hakuwahi kukitia kasoro chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Tukiviweka visa hivi pamoja, tunapata watu watatu:

(a) Anayesema nyama ni haramu au kuchinja ni dhulma. Huyu amegusa haki ya Allah peke Yake.

(b) Anayeiacha akiamini kuwa kuiacha kwenyewe ni ibada na kunampandisha daraja. Huyu anafanana na wale waliokemewa.

(c) Anayeiacha kwa afya, gharama, kutoipenda au huruma, huku akikiri kwa moyo na ulimi kuwa ni halali. Huyu ametumia ruhusa yake. Hakuna aliyelazimishwa kula kila kilicho halali.

Wote watatu sahani zao ni sawa. Kinachowatenganisha ni nia na ulimi.

2. Nilichofaidi

Faida ya kwanza ni mfuko. Posho na maharagwe ya bwalo letu hapa Uganda ni chakula cha vegani tangu zamani, ila hakuna aliyekiita hivyo. Nyumbani kwetu Buyenzi, Bujumbura, kuna sombe la mawese, lengalenga, ndizi na maharagwe. Sikuhitaji chakula cha kigeni hata kimoja.

Ya pili ni kuzoea kusoma maandishi ya pakiti. Nimejifunza kuwa jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, wakiwemo nguruwe. Lakini tahadhari: si kila cha vegani ni halali, maana pombe haina nyama ndani yake.

Ya tatu ni kuelewa maisha ya watangulizi. Bibi Aisha (r.a.) alimsimulia Urwa kwamba miandamo mitatu ya mwezi ilipita bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (s.a.w.), chakula kikiwa tende na maji. Na katika Muwatta, Sayyidna Umar (r.a.) anatahadharisha kuwa nyama ina uraibu kama wa pombe. Hawakuiharamisha, wala haikuwatawala.

3. Taabu zake

Mwili una haki yake. Vitamini B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu, haipatikani kwa kutegemewa katika mimea. Upungufu wake huja polepole, kwa kuwa ini huwa na akiba. Vegani lazima atumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Maharagwe yana madini ya chuma, ila chai pamoja na mlo huyapunguza, na limau au chungwa husaidia mwili kuyapokea. Asiyeweza kupata hayo asijidhuru, kwa sababu dini yetu imekataza madhara.

Taabu kubwa zaidi ni watu. Pilau huwezi kuitenga na supu iliyoipikia. Mboga unaipakua, unakuta ndagala zimetwangiwa ndani. Shangazi zangu huuliza kama nimekuwa Msabato. Mama hakuuliza kitu. Alikaa kimya na glasi ya maziwa aliyokuwa ameniandalia, na kimya hicho kiliniuma kuliko maneno. Kwenye walima, hadithi ya Jabir (r.a.) katika Muslim imenisaidia: aliyealikwa aitike, kisha akitaka ale, asipotaka aache. Basi naenda, nakaa, nahudumia wageni, nala nilichoweza, wala sihutubii mtu juu ya sahani yake.

Na wako vegani wanaoiita Idi yetu siku ya ukatili. Kwa hao mimi si mwenzao.

4. Siku ya Idi

Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, kuchinja udhuhiya ni sunna iliyosisitizwa. Kula kwake si lazima, ila maskini lazima wapate sehemu ya nyama mbichi. Imam Nawawi ameandika kuwa bora ni kuitoa yote isipokuwa matonge machache ya kutafutia baraka. Na katika Hija ya kuaga, Mtume (s.a.w.) alichinja ngamia 63 kwa mkono wake, akala nyama yao na kunywa mchuzi wao.

Kwa hiyo nachangia mbuzi wa nyumbani, nahakikisha kisu kimenolewa, nagawa nyama mitaani, na ninakula tonge moja kutoka mkononi mwa mama. Rafiki yangu mmoja akasema basi mimi si vegani kamili. Nikamwambia sawa, jina hilo sikuliapia.

Maswali ya halaka

1. Kuna tofauti gani kati ya kuacha cha halali na kukiharamisha?
2. Je, wanaofuga, kusafirisha na kuchinja wanyama mtaani kwenu wanatimiza wema tulioamrishwa?
3. Ni kitu gani cha halali kimekutawala?

Wabillahi tawfiq.