Kelele za Kugonga katika Magurudumu ya Mbele ya Gari na Namna ya Kutafuta Chanzo Chake

Dereva yeyote anayetumia barabara za vumbi anaijua sauti hii. Gari linapita juu ya shimo dogo, na mbele, chini ya miguu yake, husikika "ko!" ya chuma kugonga chuma. Mwanzoni sauti hiyo husikika mara moja moja. Baada ya majuma machache husikika katika kila shimo. Gari linapopelekwa gereji, mara nyingi pendekezo la kwanza huwa kubadili shokapu zote mbili za mbele. Shokapu zinanunuliwa, zinafungwa, na kesho yake kelele iko palepale.

Kubahatisha namna hii huleta hasara mbili. Hasara ya kwanza ni fedha, nayo kila mtu anaiona. Ya pili ni kubwa zaidi, ingawa haionekani upesi. Sauti ileile ya "ko!" yaweza kutoka katika linki ya stabilaiza, ambayo hata ikikatika gari litayumba tu zaidi kwenye kona, tena yaweza kutoka katika boljointi, ambayo ikichomoka gurudumu hulala chini ya bodi na usukani hauna kazi tena. Mtu aliyebadili shokapu bure, kisha akakata tamaa na kuizoea kelele, hajui ni ipi kati ya hizo mbili anayosafiri nayo pamoja na abiria wake.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba chanzo cha kelele hizi kinaweza kutafutwa kwa utaratibu, bila vyombo vya gharama, mradi kanuni moja ieleweke.

Muundo wa sehemu ya mbele

Magari mengi madogo yanayotumika Afrika Mashariki, Toyota Corolla ikiwa mfano mmoja, yana muundo wa mbele uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson katika miaka ya 1940. Muundo huo ulitumiwa katika Ford Consul na Ford Zephyr za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha ukaenea duniani. Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na kujipatia sifa ya uimara katika barabara zetu, nayo ilikuwa na muundo wa aina hii.

Katika muundo huu springi na shokapu vimeunganishwa kuwa nguzo moja iliyosimama. Juu, nguzo hiyo imefungwa kwenye bodi kwa kupitia kitako cha mpira chenye beringi, ili iweze kuzunguka usukani unapokatwa. Chini, imefungwa kwa bolti kwenye chuma kizito kinachobeba beringi ya gurudumu. Katika makala hii tutakiita kibeba-gurudumu. Kibeba-gurudumu hushikwa na mkono wa chini, ambao upande wa ndani umefungwa kwenye gari kwa bushi mbili za mpira, na upande wa nje una boljointi. Boljointi ni chuma cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe, kama kichwa cha mfupa wa paja kinavyozunguka katika nyonga. Tairodi huleta amri ya usukani. Mwisho, stabilaiza ni fito ya chuma inayovuka kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili, na kila ncha yake imeunganishwa na gurudumu kwa linki fupi.

Tukihesabu upande mmoja tu tunapata viungio saba: kitako cha juu, boljointi, bushi mbili, ncha mbili za linki na ncha ya tairodi. Chochote kati ya hivyo chaweza kugonga.

Kelele hutokeaje?

Kiungio kizima hakina nafasi ndani yake. Mpira unapochanika, au chuma kinapolika, hutokea nafasi ndogo, pengine ya milimita moja tu, na mafundi husema kiungio "kinacheza". Lakini nafasi peke yake haitoi sauti. Iwapo nguvu inakisukuma kiungio upande mmoja tu wakati wote, nafasi hubaki imefungwa na kiungio hunyamaza. Sauti hutokea pale nguvu inapogeuka mwelekeo: chuma huvuka ile nafasi na kugonga ukuta wa pili.

Hii ndiyo kanuni ya kazi yote: *kelele ya kugonga ni nafasi pamoja na nguvu inayogeuka.* Kwa hiyo kukikagua kiungio maana yake ni kuigeuza nguvu iliyo ndani ya kiungio hicho, huku vingine vikiachwa vimetulia kadiri iwezekanavyo.

Kanuni hiyo inaeleza pia kwa nini barabara ya mawimbi huharibu viungio upesi. Tuchukue barabara ambayo vilele vya mawimbi yake viko umbali wa sentimita 70. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukutana na mapigo karibu 24 kila sekunde, yaani zaidi ya 1,400 katika kila kilomita. Katika safari ya kilomita 100 kiungio kilicholegea kitapigwa zaidi ya mara 140,000. Nafasi ndogo haikai ndogo kwa muda mrefu.

Kwa nini sikio hudanganya

Dereva huapa kwamba sauti inatoka kushoto, kumbe kiungio kibovu kiko kulia. Hakusema uongo. Sauti husafiri katika hewa kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde, lakini katika chuma cha pua huenda kasi ya mita 5,000 kwa sekunde au zaidi. Pigo la kiungio kimoja huenea katika bodi nzima kufumba na kufumbua, na mabati ya bodi huvuma kama ngozi ya ngoma. Sikio husikia ngoma, halioni mkono unaoipiga. Ndiyo sababu vidole vilivyowekwa juu ya kiungio chenyewe huaminika kuliko masikio ya mtu aliyeketi ndani.

Hatua ya kwanza: majaribio ya barabarani

Kabla ya yote, toa jeki, spana na tairi la akiba katika gari, na uhakikishe betri na ekzosi vimefungwa imara. Kisha chagua mahali patupu pasipo na watu, uende polepole, na ujaribu jambo moja kwa wakati mmoja.

(a) Nenda mbele kidogo na ufunge breki. Kisha rudi nyuma na ufunge breki. Breki hulivuta gurudumu nyuma au mbele likilinganishwa na bodi, nao mzigo huo huangukia bushi za mkono wa chini. Ikisikika "ko!" moja kila unapogeuza mwelekeo, zishuku bushi hizo kwanza.

(b) Pita juu ya tuta ukiwa umenyooka, magurudumu yote mawili yakipanda pamoja. Kisha pita mshazari, gurudumu moja likitangulia. Stabilaiza hupindwa pale tu gurudumu moja linapokuwa juu ya jingine. Kelele inayosikika katika kupita mshazari, na kupungua sana katika kupita sawa, yaelekeza kwenye linki au mipira ya stabilaiza.

(c) Pita mahali penye mawe madogo, kisha urudie ukiwa umegusa breki kidogo. Kelele ikikoma, huenda ni breki pedi au kalipa inayocheza.

(d) Kata usukani hadi mwisho na uondoke polepole. Ikisikika "ka-ka-ka" inayoongezeka kasi kadiri gurudumu linavyozunguka, chunguza jointi ya ekseli katika magari yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele.

(e) Katika gari lenye gia za kujiendesha, kanyaga breki kwa nguvu, kisha hamisha gia kutoka ya mbele kwenda ya nyuma. Pigo linalosikika hapo huenda ni la mipira inayoshika injini, wala si la sehemu tunazozieleza.

Yafaa kukumbuka kwamba shokapu iliyokwisha kwa kawaida haigongi. Hulifanya gari lidunde mara kadhaa baada ya kila tuta, na mara nyingi huvuja mafuta. Shokapu inayogonga ipo, lakini isiwe ya kwanza kushtakiwa.

Hatua ya pili: ukaguzi magurudumu yakiwa chini

Mwombe mtu akae kwenye usukani na kuuchezesha haraka kushoto na kulia, kiasi kidogo tu. Weka vidole juu ya ncha ya tairodi. Kiungio kizima husogea kama kitu kimoja. Kilicholika huachia kwanza, ndipo kifuate, na kishindo chake hukigusa kidole. Kisha mwambie aukate usukani polepole hadi mwisho, huku kiganja chako kikiwa upande wa nje wa springi. Usiingize vidole kati ya mizunguko yake. Springi ikikwama halafu ikaruka kwa kishindo, beringi ya kitako cha juu imeharibika.

Linki za stabilaiza nazo zikaguliwe hapa, magurudumu yote mawili yakiwa sawa. Gurudumu moja likining'inia, stabilaiza hupindika na kuikaza linki, na nafasi iliyomo hufichika.

Hatua ya tatu: mahali pa kuweka jeki

Hapa ndipo boljointi nyingi mbovu hupita bila kukamatwa. Gari dogo lenye kilo 1,100 huweka kila gurudumu la mbele mzigo wa kilo 300 na kitu. Swali la kujiuliza ni hili: mzigo huo unapita wapi?

Katika muundo wa MacPherson mzigo hushuka kwa nguzo ya springi moja kwa moja hadi kwenye kibeba-gurudumu, bila kupitia boljointi. Jeki na iwekwe chini ya bodi, mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji, gurudumu lining'inie. Ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na kibeba-gurudumu, uutekenye juu na chini huku ukitazama boljointi.

Katika magari yenye mikono miwili, wa juu na wa chini, ambamo springi hukandamiza mkono wa chini, mambo hugeuka. Mzigo hupitia boljointi ya chini. Ukiinua bodi na kuliacha gurudumu lining'inie, springi yaweza kuendelea kuikaza boljointi, nawe ukaambiwa ni nzima. Jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, karibu na boljointi, ili springi ibebwe na jeki na nafasi ipate kuonekana.

Gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha utikise tena. Breki huibana diski na kuifunga kwenye kibeba-gurudumu. Basi, uchezaji ukitoweka, kosa ni la beringi ya gurudumu. Ukibaki, kosa ni la boljointi au la viungio vingine.

Kiasi cha uchezaji kinachoruhusiwa hutajwa katika kitabu cha mtengenezaji. Lakini katika muundo wa MacPherson, boljointi inayocheza hadi jicho likaona haina mjadala: ibadilishwe kabla gari halijasafiri tena.

Tahadhari: usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi imara na uyazuie magurudumu ya nyuma. Wala usifungue nati ya katikati, juu ya nguzo ya springi, bila chombo cha kuibana springi, kwani inaweza kufyatuka na kuua.

Kufunga kipuri kipya

Wengi hulalamika kwamba bushi mpya hazidumu. Pengine kipuri ni duni. Pengine kosa ni la ufungaji. Bushi za mikono hufanya kazi kwa mpira wake kujipinda. Bolti zake zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hushikwa katika hali hiyo. Gari likishushwa, mpira hubaki umepindika hata gari linapokuwa limesimama, nao huchanika mapema. Bolti hizo zikazwe mwisho, uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu. Baada ya kugusa tairodi, mkono wa chini au nguzo ya springi, mwelekeo wa magurudumu upimwe upya, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Hitimisho

Katika kila jaribio tulilolieleza tumefanya jambo lilelile: tumeigeuza nguvu katika kiungio kimoja, tukaangalia kama kitajitaja. Hakuna kipuri kilichonunuliwa kabla ya kosa kuonekana kwa jicho au kuguswa kwa kidole. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini kabla ya kuuziba ufa ni lazima kwanza kujua uko wapi. Msomaji ambaye gari lake linagonga na aanze na boljointi leo, hata kama anaamini kosa ni la linki, maana kuikagua huchukua dakika chache tu, na ni kiungio ambacho kikiachia njiani hakitoi nafasi ya kurekebisha.